Jina Lililokwenda Vitani

Sokoni Ilomba wananiita Mama Rubani. Muuza nyanya ananiongezea mbili juu ya fungu, fundi cherehani anaacha kazi ili anisalimie, na mwaka jana kwenye mkutano wa mtaa walinisimamisha nipigiwe makofi kwa sababu mtoto niliyemlea ni rubani wa helikopta ya kivita. Na wakati huo alikuwa vitani kweli, ng'ambo ya mpaka wa magharibi, siyo kwenye gwaride la sikukuu. Nilisimama nikapunga mkono. Nilikuwa nimevaa hata kitenge kipya. Mtu mwenye haya angeketi.

Mimi ni mwalimu. Nimestaafu, lakini ualimu hautoki mwilini. Hadi leo nikiona tangazo limeandikwa vibaya mkono unatafuta kalamu. Miaka yangu mingi niliimalizia Idodi, kwenye barabara iendayo mbugani, mahali pa joto na vumbi la magari ya watalii. Nilikuwa mkali, na waliopita mikononi mwangu watawaambia. Mwanafunzi akichungulia karatasi ya mwenzake nilimchapa mbele ya darasa zima, nikamwambia kuibia mtihani ni wizi sawa na wizi wa kuku. Nyani haoni kundule.

Huyo mtoto ni wa mdogo wangu. Mdogo wangu alifariki binti akiwa darasa la tatu, nikamtoa Iringa mjini nikahamia naye Idodi. Alikuwa na kichwa cha hesabu cha kutisha. Akisikia gari linapita alinyanyua kidole, akahesabu kimoyomoyo, akasema litafika geti la mbuga saa ngapi, na wenye magari waliporudi kunywa chai kijijini tulikuwa tunawauliza, tunakuta amepatia. Siku ya mtihani wa darasa la saba aliamka na malaria. Nilimpa vidonge, nikamfunga khanga kichwani, nikampeleka hivyo hivyo. Karatasi ya hisabati aliilalia. Majina ya waliofaulu yalipobandikwa, lake halikuwepo.

Wakati ule kurudia darasa la saba kwa jina lako mwenyewe kulikuwa hakuruhusiwi. Kwa jina la mtu mwingine, njia ilikuwa inajulikana. Anatafutwa mwanafunzi wa darasa la sita aliyeacha shule, kaolewa au kahama, na anayerudia anaketi mahali pake na kulichukua jina lake, yote matatu, la kwake, la baba na la babu. Wazazi walituomba, walimu tulifanya, wakubwa walitazama pembeni. Funika kombe mwanaharamu apite. Mimi ni Mkatoliki niliyewahi kuungama hata kumsengenya jirani kwa sababu ya bata, lakini hilo sikuwahi kulipeleka kwa padri, maana sikulihesabu kuwa dhambi.

Darasani kwangu kulikuwa na binti wa Kisukuma. Wazazi wake walikuja na ng'ombe kutoka Usangu, wakakaa pembeni mwa kijiji misimu michache, kisha asubuhi moja tukasikia wameondoka. Alikuwa mrefu, kwa hiyo nilimkalisha dawati la nyuma. Mkimya, mwandiko wake wa kupendeza. Hakuaga. Jina lake likabaki kwenye daftari la mahudhurio, na kwa wiki mbili nilimwandika mtoro. Wiki ya tatu nikaanza kumpigia alama ya kuwepo. Aliyekuwa ameketi pale alikuwa mtoto wangu.

Jina jipya nilimfundisha jikoni, tukichambua mchele. Nilimwita, akaitika, nikamwita tena akiwa amegeuka, akaitika. Aliniuliza mwenye jina yuko wapi. Nikamwambia alikataa shule, hataki kuisikia. Akaridhika, maana alikuwa mtoto na mimi nilikuwa mwalimu.

Alifaulu. Akasoma sekondari ya wasichana Iringa, akachukua fizikia na hesabu mpaka kidato cha sita, akaenda mafunzo ya jeshi kama wenzake wote, na wenzake waliporudi nyumbani yeye akabaki. Walimpima macho, moyo, masikio, wakamzungusha kwenye kiti mpaka wengine wanatapika, yeye akatoka anacheka. Wakampeleka nje kusomea urubani. Kila hatua ilitaka cheti, na kila cheti kilikuwa na jina la yule binti wa dawati la nyuma. Hata cheti cha kuzaliwa nilikihangaikia mpaka kikalingana. Nyumbani tulimwita kwa jina lake alilobatizwa nalo. Kifuani, kwenye magwanda, alishonewa lile la babu wa watu.

Kabla hajaenda vitani alikuja kuniaga hapa Ilomba. Ulikuwa mwezi wa sita, baridi ya Mbeya ile ya kukaa jikoni na koti. Alikaa kwenye kigoda karibu na jiko la mkaa, akaanza kumenya viazi kama hajawahi kuondoka.

"Wametupa fomu ya ndugu wa kuarifiwa," akasema. "Nimekuandika wewe. Karani akaniuliza, baba Msukuma, mama mkubwa Mhehe, imekuwaje?"

"Ukamjibuje?"

"Nikamwambia nchi ni moja. Akacheka." Akaendelea kumenya. "Mama mkubwa, mi nataka niseme kabla sijaondoka. Nataka niende kwa jina langu. Nikianguka kule, msalabani mtaandika nini?"

Nilimwambia asijitabirie. Ndivyo tunavyosema tukitaka mtu anyamaze. Nikamwambia vita siyo wakati wa kufukua makaratasi, kwamba watamvua kofia na kumpeleka mahakamani, kwamba taifa limemsomesha linamhitaji. Maneno mazuri yote. Nikamalizia: "Subiri kwanza urudi."

Hakubishana. Aliosha viazi, akaviinjika. Sasa niseme nilichoficha chini ya maneno yale mazuri: mafao yangu ya kustaafu yalikuwa bado yanashughulikiwa, na niliogopa. Niliogopa mimi, kwa ajili yangu mimi. Mtoto anakwenda kupigwa risasi, mimi nafikiria faili langu limefika meza gani.

Kule alikuwa anapiga simu Jumapili, mtandao ukikubali. Hakuwa msemaji. Alisema marubani wa kike wako wawili, wanalala hema moja, na wanawake wa vijiji vya karibu huja kusimama kwenye uzio kuwatazama wakivaa kofia, wanaulizana kama kweli ni wanawake. Jumapili moja alisema zaidi. Walikuwa wametumwa kupiga mahali palipoambiwa kuna wapiganaji. Alipofika juu aliona moshi mwembamba, wa kupikia. "Mama mkubwa, moshi wa jikoni naujua," akasema. "Nikazunguka mara moja zaidi. Nikaona khanga zimeanikwa." Hakupiga. Alirudi akahojiwa siku nzima, kesho yake ikathibitika pale palikuwa na akina mama na watoto. Wiki iliyofuata alitumwa mahali pengine, na huko alipiga. Nilimuuliza alijisikiaje. Akaniambia walipomwita kwenye redio kumpa amri walimwita kwa jina lile, na aliposhuka alijaribu kujiambia kwamba aliyefanya ni huyo mwenye jina, siyo yeye. Haikufaa kitu. Usingizi haukuja.

Nilimwambia asali rozari.

Ndipo ikasambaa video. Mtu alimrekodi akishuka kwenye helikopta, kofia mkononi, na sauti ya mwanamume ikataja majina yake matatu na kusema Tanzania ina wanawake. Ilifika kwenye kila simu. Mtaani nilikuwa naonyeshwa video ya mtoto wangu mwenyewe kama vile sijaiona. Kumbe Chimala nayo, huko Mbarali kwenye mashamba ya mpunga, ilifika.

Alikuja siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, mwanamke mrefu amejifunga kitenge, kandambili zina pumba za mchele. Alisimama mlangoni.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Karibu."

"Hunikumbuki."

Sikumkumbuka sura. Nilikumbuka urefu. Nilimkaribisha ndani nikachemsha chai ya maziwa, nikakawia jikoni kuliko chai inavyotaka. Nilipotoka alikuwa ameweka juu ya meza karatasi ndani ya mfuko wa nailoni, imekunjwa mara nne, mikunjo imekuwa myeusi. Akaifungua taratibu. Niliutambua mwandiko kabla ya kusoma neno. Ulikuwa wangu.

Hapa inabidi nirudi nyuma, maana huko juu kuna jambo nimeliruka. Nilisema binti alihama na jina likabaki, kama vile mambo yaliishia hapo. Hayakuishia. Mwaka uliofuata mtihani, mtoto wangu akiwa kidato cha kwanza, shuleni ilifika barua kutoka kijiji kimoja cha Mbarali. Mwalimu wa huko alikuwa amembembeleza mzee mmoja mfugaji mpaka akakubali binti yake arudi shule. Akaomba uhamisho wake. Mwalimu mkuu wetu alikuwa kwenye semina, mimi nikakaimu. Ningeweza kuandika lolote. Ningeweza hata kutojibu, barua zilikuwa zinapotea kila siku. Niliandika kwa wino wa bluu, mistari mitatu: mwanafunzi huyu alishafanya mtihani wa darasa la saba katika shule yetu, alifaulu, na anaendelea na masomo ya sekondari. Nikatia sahihi, nikagonga muhuri. Mchana nilikula vizuri.

"Mwalimu wa kule alimsomea baba hii," mwanamke akasema. Kiswahili chake kilikuwa cha pole, kina Kisukuma ndani. "Baba akasema, kumbe uliuza jina lako. Umewapa watu jina la baba yangu. Nikamwambia sijauza. Akasema karatasi ya serikali haiwezi kudanganya. Mwezi ule ule akanioza."

Nilimwambia anisamehe. Lilitoka kirahisi mno, nikalionea aibu hapo hapo.

"Sijaja kwa hilo," akasema. "Mimi nina maisha yangu, nauza mchele Chimala, watoto wanasoma. Ila baba mpaka leo anajua mimi ni mwongo. Amezeeka. Nataka uje, umwambie kwa mdomo wako."

Mnajua nilimjibu nini? Nilimwambia mtoto yuko vitani. Nilimwambia maneno yakianza kutembea yatamfikia huko juu, akili itayumba, ataanguka, na damu yake itakuwa juu yetu. Nilimwambia: "Subiri kwanza arudi." Nilisema kwa sauti ile ile, kama mtu anayewaombea wote mema. Alikunja karatasi yake kwenye mikunjo ile ile, akanywa chai yote kwa adabu, akaondoka.

Ikapita mvua, yakapita mavuno ya mpunga. Makofi ya mkutano wa mtaa nilipigiwa katika miezi hiyo hiyo. Mafao nayo yalitoka, niseme ukweli, na nilifurahi. Kisha mwanamke wa Chimala akanipigia simu. Hakusalimia kwa urefu. Alisema mzee haamki tena kitandani, na kama kuna siku, ni wiki hii.

Nilikwenda. Nisijisifie kwa hilo. Mtu aliyechelewa hajisifii kufika. Tulishuka Chimala, tukachukua pikipiki mbili, tukapita katikati ya majaruba yaliyokwisha kuvunwa mpaka nyumbani kwa mzee. Alikuwa amelazwa nje uani, kwenye kitanda cha kamba, blanketi mbili na jua lote lile. Nilipiga goti nikamsalimia Kisukuma changu kimoja ninachojua, "Mwangaluka." Akaitikia, akaniuliza mimi ni wa nani. Nikasema mimi ni mwalimu wa Idodi.

Nilimweleza. Nilikuwa nimejiandalia hotuba nzima njiani, ikanitoroka. Nikasema kama mtoto aliyeitwa ofisini. Binti yako hakuuza. Nilichukua mimi. Na barua niliandika mimi, nikijua. Binti alikuwa anatafsiri kwa Kisukuma, maana masikio ya mzee yalishaanza kukichoka Kiswahili, na nilimsikia akilitafsiri kosa langu kwa upole kuliko nilivyolisema. Alipomaliza, mzee alitazama paa la nyumba. Ng'ombe mmoja akalia huko zizini. Kisha mzee akasema kitu kifupi, na binti hakutafsiri.

"Amesemaje?" nikauliza.

Mzee akarudia mwenyewe kwa Kiswahili, akimtazama mwanawe: "Basi nilikuoza bure."

Yule mwanamke hakulia. Alimrekebishia blanketi begani, akakaa chini karibu na kitanda, mgongo ameuegemeza kwenye mguu wa kitanda ili asituone usoni. Nilitamani anigeukie anitukane. Nimetukanwa na wazazi walevi, nimetukanwa na wakaguzi, najua jinsi ya kusimama mtu anapotukana. Kukaa pale bila kutukanwa sikukujua.

Baadaye mzee akaniuliza kuhusu huyo wa angani. Ni mtoto mzuri? Nikasema ni mzuri. Anaua? Nikasema, amri ikija, ndiyo. Akafikiri. Akasema anayekwenda vitani na jina la baba yake yeye hawezi kuachwa hivi hivi, hata kama jina lenyewe alipewa na mwizi. Aliomba maji kwenye kibuyu. Akayatia mdomoni, akayapuliza kuelekea upande wa magharibi, kama alivyozoea kuwabariki wanawe wanaosafiri. Mengi yalimwagikia blanketi. Binti yake akamfuta kidevu kwa upindo wa kitenge.

Mzee alifariki siku ya nne baada ya hapo. Msibani sikwenda. Nilituma ubani kwa simu.

Jumapili iliyofuata mtoto alipopiga nilimweleza yote, bila kuruka kitu.

"Uliniambia alikataa shule," akasema.

"Nilidanganya."

"Miaka yote hii nimekuwa namchukia kidogo, unajua? Nikichoka kusoma nilikuwa nasema, huyu aliichezea bahati yake, mimi siichezei." Akavuta pumzi. "Mama mkubwa, barua yangu ya kukiri nilishaandika. Niliandika kabla sijaondoka, ile wiki niliyotoka kwako. Nimeiweka kwenye begi. Siku nikirudi nikikabidhi vifaa, nakabidhi na barua. Wafanye watakavyofanya."

Kumbe mtoto niliyekuwa najidai namkinga alikuwa anaruka kila siku juu ya risasi akijua kinachomngoja nyumbani, na hakuyumba. Mwanamke wa Chimala nilimzungusha mwaka mzima kwa jina la usalama wa mtu asiyehitaji ukimya wangu. Na hapo, mwanangu akiwa huko, sijui kama amekula, sijui kama ni mzima, kesho atapanda tena, swali lililonitoka kinywani lilikuwa hili:

"Umenitaja?"

Nililisikia nikiwa nimeshalisema. Natoa siri hii kwa sababu hakuna mwingine aliyeisikia ila yeye, na yeye hatamwambia mtu.

"Nimeandika mwalimu wa darasa," akasema taratibu. Hakukasirika, na afadhali angekasirika. "Jina sijaandika. Hilo utaliandika mwenyewe."

Amebakiza wiki tatu arudi. Barua yangu nilianza kuiandika siku ile ile, na kwa kuwa ni mwalimu imerefuka, ndiyo hii. Nimeisoma mara mbili, nimesahihisha nukta na mikato. Chini nimeacha nafasi ya jina, na bado ni tupu.